Shotistopu wa .300 mwenye ulinzi 4, au wa .250 mwenye ulinzi 1? Hizi kadi mnazipimaje?

Kadi_Mezani

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kabla zamu yangu haijafika, maana kwenye ligi yetu wachezaji tunachagua kwa zamu na ukishapitwa ndo basi. Tunacheza Strat-O-Matic ya besiboli, mchezo wa mezani wa kadi na dadu ambapo kila kadi ni mchezaji wa kweli na msimu wake, ile kamili ambayo kadi ina upande wa kukutana na mrushaji wa kushoto na upande wa kukutana na wa kulia, na tunachanganya misimu, yaani mtu anaweza kuja na kadi ya 1968 mwingine ana ya 2004 na wanakutana meza moja.

Nimebakiza shotistopu, yule mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Kadi za maana zilizobaki ni mbili. Wa kwanza msimu wake alipiga .300 (yaani hiti, mpira aliopiga ukamfikisha besi, 300 kwa kila mara 1,000), homurani anazo, ila ulinzi kaandikiwa 4, na kwenye ulinzi 1 ndo bora, 5 ndo mbovu. Wa pili alipiga .250, homurani hana, anaandikwa W (dhaifu) kwenye nguvu, ila ulinzi ni 1. Wenzangu karibu wote wananiambia chukua wa .300, mechi inashindwa kwa kupiga, usijisumbue na ulinzi. Lakini nikiangalia timu inayoongoza ligi yetu, walinzi wake wa ndani wote ni 1 na 2 na wapigaji wake ni wa kawaida tu, hakuna jina hata moja la kutisha. Kuna kitu huyo jamaa anakiona ambacho mi bado sikioni.

Kwahiyo swali si nimchukue nani tu, nataka nijue mnaisomaje kadi yenyewe. Naona safu tatu, manamba, herufi, alama za almasi na pembetatu, sijui kipi kina uzito na kipi ni pambo. Wastani wa msimu unatosha?

Hesabu_108

Hautoshi mkuu. Tena ukitaka kuisoma kadi vizuri ule wastani wa msimu uliochapwa juu usiuangalie kwanza, hesabu kadi ndo uje uuangalie mwishoni.

Anza na dadu. Dadu nyeupe inaamua safu, ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 unasoma ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki unajumlisha unapata kitu kati ya 2 na 12. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, safu tatu mara 36 ni 108. Kwahiyo kadi ya mpigaji ina nafasi 108, ya mrushaji 108, jumla 216, na kila mtu anaposimama kupiga inatoka moja kati ya hizo 216. Huo ndo mchezo wote, Hal Richman aliutoa 1961 na mpaka leo moyo wake ni huo huo.

Sasa nafasi hazilingani na hapa ndo wengi wanapotea, wanahesabu mistari badala ya nafasi. 7 inatoka kwa njia 6, 6 na 8 njia 5 kila moja, 5 na 9 njia 4, 4 na 10 njia 3, 3 na 11 njia 2, halafu 2 na 12 njia moja moja. Hiti iliyokaa kwenye 7 ni sawa na hiti sita zilizokaa kwenye 12. Kuna kadi ukiitupia jicho inaonekana imejaa hiti kumbe zote zimesukumwa pembeni huko kwenye 2, 3, 11 na 12, na kuna kadi inaonekana kavu ila ina hiti kwenye 6, 7 na 8 na hiyo itakuua mechi nzima.

Ukikuta mstari umegawanywa, mfano kwenye 6 kumeandikwa homurani 1-8 na dabo (hiti ya besi mbili) 9-20, dadu la pande 20 ndo linaamua, kwahiyo unachukua njia 5 za hiyo 6 unazidisha na 8 juu ya 20, unapata nafasi 2 za homurani, zinazobaki 3 ni za dabo. Chukua karatasi, pitia kadi upande wa kulia kisha wa kushoto, andika nafasi za kufika besi (hiti zote ukijumlisha na besi za bure, zile anazopewa mrushaji akirusha vibaya) na pembeni andika homurani na dabo zikiwa peke yake.

Ukishapata hizo namba kumbuka kitu kimoja: nafasi moja kwenye kadi ni moja juu ya 216, yaani .0046 hivi. Mpigaji akisimama mara 600 kwa msimu, nafasi moja inatokea kama mara 2.8. Kwahiyo mtu aliyekuzidi nafasi 11 kwenye kadi anafika besi .050 zaidi yako. Hapo unaanza kuona tofauti za kweli na si za majina.

Tuletee hesabu za kadi zako mbili, pande zote.

Safu_Ya_Nne

Hesabu_108 kaongea vizuri kuhusu mpigaji, mi niongeze upande wa ulinzi maana swali lake hasa liko huko.

Mkuu Kadi_Mezani chukua kadi yoyote ya mrushaji uiangalie, utaona matokeo yameandikwa X mwishoni, kama GB(ss)X, yaani mpira wa chini kwa shotistopu. Maana yake mrushaji kamaliza kazi yake, sasa tunamuuliza mlinzi. Unatupa dadu la pande 20 na kuangalia chati kwa namba ya ulinzi wake. Kila mrushaji ana X 30 kwenye nafasi zake 108, awe bora kuliko wote au wa mwisho kabisa, na zimegawanywa hivi: shotistopu 7, besi ya pili 6, besi ya tatu 3, mlinzi wa kati kule nje 3, mdakaji 3, na waliobaki (besi ya kwanza, mrushaji mwenyewe, kushoto na kulia kule nje) 2 kila mmoja. Jumlisha utapata 30.

30 juu ya 216 ni karibu 14 kwa kila 100. Mechi moja timu pinzani inasimama kupiga kama mara 38, kwahiyo karibu mara 5 kila mechi matokeo yanaamuliwa na walinzi wako na si mrushaji wala mpigaji. Kwa msimu wa mechi 162 shotistopu peke yake anapata kama X 200. Mia mbili! Besi ya pili kama 170, mlinzi wa kati 85 hivi, walinzi wa pembeni kule nje wanabaki na kama 57 tu kila mmoja.

Sasa fikiria: kila namba moja kwenye dadu la 20 ambayo kwa mlinzi mbovu ni hiti na kwa mlinzi mzuri ni auti (mpigaji katolewa), hiyo ni asilimia 5 ya 200, yaani hiti 10 kwa msimu. Namba moja tu. Fungua chati yako, weka kidole kwenye ulinzi 1 na kingine kwenye 4, hesabu namba zinazobadilika kutoka auti kuwa hiti halafu zidisha kwa 10. Huyo anayeongoza ligi yenu anaijua hii hesabu, ndo maana hahitaji majina ya kutisha.

Na hapo bado dabo plei, auti mbili kwa mpira mmoja. Mlinzi mzuri hata pale ambapo wote wawili wanapata auti, yeye mara nyingi anapata ya watu wawili.

Kadi_Mezani

Aisee asanteni sana, mbona hizi vitu hakuna aliyewahi kunieleza kwa mpangilio huu. Nimekaa nimehesabu zote mbili.

Wa .300 (ulinzi 4): dhidi ya mrushaji wa kulia anafika besi nafasi 44, dhidi ya wa kushoto 38.
Wa .250 (ulinzi 1): dhidi ya wa kulia 31, dhidi ya wa kushoto 36.

Kilichonishangaza ni kwamba dhidi ya kushoto wamekaribiana kabisa, 38 na 36, wakati kwa majina unaona kama mbingu na ardhi. Ila dhidi ya kulia tofauti ni kubwa na sijui nizichanganyeje hizo pande mbili.

Hesabu_108

Unazichanganya kwa kuangalia warushaji mtakaokutana nao. Kwa kawaida wa kulia ndo wengi, mi natumia 70 kwa 30 ila kwenu hesabuni warushaji wa timu pinzani, ukikuta nusu ni wa kushoto basi badilisha.

Kwa 70 na 30 wa kwanza anakuwa na 42, wa pili 32 na kidogo. Tofauti karibu nafasi 10, mara 2.8 unapata 27 hivi. Yaani msimu mzima wa .300 atafika besi mara 27 zaidi. Kwa hesabu ya Safu_Ya_Nne hizo 27 mlinzi 1 anazirudisha zote ukikuta namba 3 tu zimebadilika kwenye chati, na kutoka 1 hadi 4 zinazobadilika ni zaidi ya 3. Mi ningechukua wa ulinzi 1 bila kufikiria mara mbili.

Bi_Almasi

Hapana jamani, hapo kaka Hesabu umeenda haraka. Mwelekeo nakubaliana nao ila njia sikubali, maana umeweka homurani na besi ya bure kwenye kapu moja. Mchezaji wa kwanza ana homurani, wa pili hana hata moja. Huwezi kuwalinganisha kwa kufika besi peke yake.

Mi natumia uzito wa mikimbio (alama timu inazopata), zile namba za Pete Palmer ambazo watu wa takwimu za besiboli wanazitumia miaka mingi: homurani takriban mikimbio 1.4, dabo 0.8, singo (hiti ya besi moja) 0.46, besi ya bure 0.33, na kila auti inakutoa kama robo, 0.25. Kadi_Mezani naomba utuvunjie hizo 42 na 32 zina nini ndani.

Kadi_Mezani

Dada Bi_Almasi hizi hapa nimezichanganya kwa 70 na 30 na kuondoa visehemu vidogo. Wa kwanza: homurani 4, dabo 6, singo 20, besi za bure 12. Wa pili: homurani 0, dabo 4, singo 18, besi za bure 10.

Bi_Almasi

Vizuri. Wa kwanza: 4 mara 1.4 ni 5.6, dabo 4.8, singo 9.2, besi za bure kama 4. Jumla karibu 23.6. Auti zake ni 108 toa 42, yaani 66, robo yake 16.5. Kinachobaki ni chanya 7 hivi.

Wa pili: dabo 3.2, singo 8.3, besi za bure 3.3, jumla 14.8. Auti 76, robo yake 19. Anabaki hasi 4 na kidogo.

Tofauti yao ni 11.3 kwenye kadi, ukizidisha na 2.8 unapata mikimbio kama 31 kwa msimu. Hiyo si ndogo hata kidogo na ndo maana nimesimamisha mjadala.

Sasa upande wa ulinzi. Hiti uliyoizuia ina thamani ya singo pamoja na auti uliyoipata, 0.46 na 0.25, ni 0.71. Kila namba moja ya dadu la 20 kwa shotistopu ni hiti 10, kwahiyo ni mikimbio 7. Gawanya 31 kwa 7 unapata 4 na nusu hivi. Kwa maana hiyo si namba 3 kama alivosema Hesabu, zinatakiwa zifike 5 ndo mlinzi 1 awe amemfikia na kumpita mwenzake, bila kuhesabu dabo plei. Kadi_Mezani fungua chati ya seti yako uhesabu mwenyewe kwa macho yako, usichukue neno la mtu yeyote hapa, hata langu.

Na hiyo W ya wa pili usiisahau. Kwa mwenye W zile almasi za kwenye kadi ya mrushaji hazimpi homurani. Ni kitu kidogo ila kinazidi kumshusha.

Hesabu_108

Nakubali dada, kwa kadi zenye homurani tofauti hii njia yako ndo sahihi zaidi. Mi ile ya kufika besi naitumia kupunguza orodha haraka, nikibakiza kadi tatu nne ndo naingia kwenye uzito.

Mrushaji_wa_1968

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa kitu kikubwa kuliko vyote kwa ligi ya Kadi_Mezani: WANACHANGANYA MISIMU. Hapo .300 na .250 ni namba zisizo na maana mpaka useme ni za mwaka gani.

Kadi inatengenezwa ili mchezaji apate takwimu zake dhidi ya warushaji wa kawaida wa msimu WAKE. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza American League (moja ya ligi mbili kuu za Marekani, nyingine ni National League) kwa kupiga .301, na ndo mtu pekee aliyefika .300 kwenye ligi ile, ligi nzima ilipiga .230. Warushaji walitawala kiasi kwamba 1969 kilima cha mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Sasa nenda 1930, National League NZIMA ilipiga .303, Bill Terry akapiga .401. Yaani mtu wa kawaida kabisa wa 1930 ana wastani sawa na bingwa wa 1968.

Piga hesabu ya haraka, achana na besi za bure kwanza. Yastrzemski .301 mara 216 ni hiti 65. Mrushaji wa kawaida wa ligi yake anachangia nusu ya .230, yaani hiti kama 25. Zinazobaki kwenye kadi yake ni 40. Mtu wa kawaida wa 1930, .303 mara 216 ni 65 hiyo hiyo, ila mrushaji wa ligi yake anachangia karibu 33, kwake yeye zinabaki 33 hivi. Wastani mmoja kwenye karatasi, tofauti ya hiti 7 kwenye kadi! Wakikaa meza moja dhidi ya mrushaji mmoja yule wa 1968 anamwacha mbali, na Terry mwenyewe na .401 yake kadi inakuwa na hiti kama 54, ambayo ni kubwa sana ila si kubwa kiasi ambacho .401 inakufanya ufikirie.

Kwahiyo Kadi_Mezani ulivohesabu nafasi za kadi moja kwa moja umefanya la maana, kadi haidanganyi hata kama wastani unadanganya. Ila kwenye orodha yako yote ya kuchagua, tafuta wapigaji wa miaka migumu na warushaji wa miaka ya wapigaji. Nafuu iko huko na wengi hawaioni.

Kadi_Mezani

Warushaji wa miaka ya wapigaji? Hapo nifafanulie mkuu, si ningetafuta Bob Gibson wa 1968 mwenye ERA (mikimbio anayohesabiwa mrushaji kwa kila inningi tisa) ya 1.12?

Mrushaji_wa_1968

Swali zuri sana na mi Gibson nampenda kuliko mrushaji yeyote, jina langu hapa linatokana na msimu ule. Lakini kwenye meza ya misimu mchanganyiko namchukua Pedro Martínez wa 2000 kabla yake.

ERA ya Gibson 1.12, National League nzima mwaka ule 2.99. ERA ya Pedro 1.74, American League nzima mwaka 2000 ilikuwa 4.91. Sasa tuje kwenye hiti. Gibson wapigaji walimpiga .184, ligi yake ilipiga .243. .184 mara 216 ni kama 40, mpigaji wa kawaida anachangia nusu ya .243 ambayo ni 26, kwenye kadi ya Gibson zinabaki hiti 13 au 14. Pedro walimpiga .167, ligi ilipiga .276. .167 mara 216 ni 36, mpigaji wa kawaida wa 2000 anakuja na 30 zake mwenyewe, Pedro zinabaki SITA. Sita kati ya 108, na humo ndani zimo hiti zitakazotokana na X za walinzi wake. Ukiondoa hizo kadi yenyewe inakuwa haina kitu, mpigaji akiangukia safu ya 4, 5 au 6 anaomba X tu.

Na hapa ndo inarudi kwa shotistopu wako. Mrushaji akiwa mzuri namna hiyo, njia pekee ya mpinzani kupata hiti kwenye kadi yake ni X. Ukimuweka mlinzi 4 nyuma ya Pedro umefungua mlango ambao Pedro aliufunga.

Namba_66

Mi nacheza APBA zaidi, mchezo mwingine wa kadi na dadu za besiboli, ile ya J. Richard Seitz ya tangu 1951, na nawaonea wivu kwenye hii hesabu maana kwetu ni tofauti, dadu mbili tunazisoma kama 11 hadi 66, njia 36 tu kila moja sawa na mwenzake, na mrushaji ni herufi A, B, C, D badala ya safu nzima. Kwahiyo kwetu unahesabu matokeo kwenye zile 36, basi. Ila hili la misimu mchanganyiko linatugusa vile vile.

Kitu kimoja ambacho Kadi_Mezani uulize ligi yako: je kuna kikomo cha matumizi? Mchezaji aliyesimama kupiga mara chache msimu mzima na kupiga .400 anapata kadi ya kutisha, ukimruhusu acheze kila siku ligi imeharibika. Ligi nyingi zinafunga idadi kulingana na alivyocheza kweli. Kama shotistopu wako wa .300 alicheza nusu msimu, hiyo mikimbio 31 ya Bi_Almasi igawe kwa mbili.

Safu_Ya_Nne

Hili la Namba_66 ni muhimu, mi limewahi kunitokea ligi kubadilisha kikomo katikati.

Pia Kadi_Mezani angalia kadi ya huyo wa .300, wakati mwingine wanaandikiwa nafasi zaidi ya moja. Kama ana namba ya besi ya tatu au ya kule nje kushoto hata ikiwa 4, mchukue ukiweza na umuweke huko, besi ya tatu ina X 3 tu na kushoto 2, ubovu wake utauma chini ya nusu ya utakavyouma akiwa shotistopu. Ila kama hakuandikiwa hiyo nafasi usilazimishe.

Angalia na gbA kwenye kadi yake pia, hizo herufi A kubwa kwenye mipira ya chini, mtu akiwa besi ya kwanza ni dabo plei moja kwa moja. Kadi mbili zinaweza kuwa na kufika besi sawa kabisa, moja ina gbA nyingi kwenye 6, 7, 8 na hiyo ukiiweka namba tatu au nne kwenye mpangilio inakuua kimya kimya kila siku.

Kadi_Mezani

Nimefungua chati. Nimehesabu kwa vidole kama alivosema Safu_Ya_Nne, wa ulinzi 1 anapita ile 5 ya Bi_Almasi hata bila kuweka dabo plei. Na nimeangalia wa .300, nafasi aliyoandikiwa ni shotistopu peke yake, kwahiyo siwezi kumsogeza popote. Namchukua wa .250. Wenzangu watashangaa ila sasa nina sababu ya kuwaambia.

Kikomo kwetu kipo, ni asilimia 110 ya mara alizosimama kupiga msimu wake.

La mwisho, zile almasi na pembetatu ndo sijazielewa. Baada ya huyu nachagua besi ya kwanza, wamebaki wawili na wamelingana karibu kila kitu. Mmoja anapiga kushoto ana almasi 6, mwingine anapiga kulia ana almasi 4. Uwanja wangu kwa homurani umeandikwa 1-4 kwa kushoto na 1-15 kwa kulia.

Bi_Almasi

Hapa nimefika kwangu. Almasi ni homurani inayoamuliwa na uwanja, unatupa dadu la 20 na ikiangukia ndani ya namba ya uwanja wako ni homurani, ikipita unapata auti. Pembetatu ni hivyo hivyo ila ya singo. Kwahiyo almasi ni nafasi ambayo haijakamilika mpaka ujue uwanja. Coors Field ya Denver, ambayo iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, almasi nyingi ni homurani kweli, sehemu nyingine almasi hizo hizo ni auti tu.

Wa kushoto: 6 mara 4 juu ya 20, ni 1.2. Wa kulia: 4 mara 15 juu ya 20, ni 3. Mwenye almasi chache anakupa homurani zaidi ya mara mbili ukiwa nyumbani. Kwa kuwa nusu ya mechi mnacheza ugenini, chukua wastani wa viwanja vya wenzako, tuseme 1-10 pande zote, hapo wa kushoto anapata 3 na wa kulia 2. Weka nyumbani na ugenini pamoja: wa kushoto 2.1, wa kulia 2.5. Wa kulia anashinda kwa kidogo.

Ila sasa angalia warushaji wako, hesabu almasi zao dhidi ya wapigaji wa kulia, maana hiyo 1-15 wageni nao wanaitumia wakija kwako. Mrushaji mwenye almasi nyingi upande huo kwenye uwanja wako muuze mapema kabla wenzako hawajahesabu. Una warushaji gani wa kuanza mechi? Waandike hapa tuzihesabu.